Jinsi ya kuchora nguzo, boriti na slabu kwenye SAP2000 na ETABS mpaka zishikane kweli

Kabla hujagusa mausi naomba hili likukae kichwani, kwenye programu za kuchambua majengo kama SAP2000, ETABS au STAAD huchori picha. Kwenye CAD, programu ya kuchora michoro ya kawaida, mstari ni mstari tu, ukiishia milimita kumi kabla ya kufika kwenye nguzo hakuna atakayejua, mchoro utaprintiwa na utapendeza. Huku kila mstari una ncha mbili, kila ncha inazaa nodi, yaani pointi ya kuunganishia, na nodi ndo kila kitu. Boriti na nguzo zikitumia nodi moja zimeshikana na mzigo unapita. Kila moja ikiwa na nodi yake, hata kama kwenye skrini zinaonekana zimegusana, hazijuani kabisa.

Mwaka 1970 Edward Wilson alipotoa SAP ya kwanza pale chuo cha Berkeley hapakuwa na kuchora, injinia alikuwa anaandika kila nodi na namba yake na koodineti zake, halafu anaandika boriti hii inatoka nodi fulani inakwenda nodi fulani, moja moja mpaka jengo liishe. Leo tunaklik na mausi lakini tumboni mwa programu bado kuna orodha ile ile, nodi na vitu vinavyoziunganisha. Mimi nilianza kuchora modeli za maana siku nilipoanza kuifikiria ile orodha badala ya kuangalia picha.

Kwa hiyo hapa nitaenda na jengo dogo la mfano ili tuwe na namba za kushika. Upande wa X kuna vyumba vitatu vya mita 5, upande wa Y viwili vya mita 4, levo za Z ni 0, 3.2 na 6.4. Fanya na wewe ukiwa unasoma, ndo utaelewa haraka.

Yuniti na gridi

Weka yuniti kwanza, kN na m. Kwenye SAP2000 ziko chini kulia na unaweza kuzibadilisha muda wowote, programu yenyewe inageuza namba. Mimi nikienda kuingiza vipimo vya seksheni, yaani mkato wa nguzo au boriti, nabadilisha kuwa mm nikimaliza narudi m, maana ukiandika 300 wakati yuniti ni mita umetengeneza nguzo ya upana wa mita 300, na programu haitakuuliza chochote.

Gridi ni mistari ya katikati ya nguzo na boriti, sio ya uso wa ukuta. Hapa watu wengi wanachukua vipimo vya msanifu vya ndani ya chumba, wanavimwaga kwenye gridi, kisha spani zote, yaani umbali wa nguzo hadi nguzo, zinakuwa fupi kuliko ukweli. Kaa na kalamu utafute umbali wa kati kwa kati. Levo ya chini kabisa iwe ni juu ya msingi ambapo nguzo inaanzia kweli, sio usawa wa sakafu, kama nguzo inashuka mita moja na nusu ardhini basi hiyo mita moja na nusu ni sehemu ya nguzo.

Kama nguzo moja imekaa pembeni ya mstari kwa sentimita mbili tatu usiiongezee gridi yake, hapo unajitafutia tatizo la vipande vya boriti vya sentimita tatu ambavyo vitakuletea momenti (nguvu za kupinda) na shia (nguvu za kukata) za ajabu. Iweke kwenye mstari wa wenzake. Ikiwa imehama sentimita arobaini hapo sawa, mpe mstari wake.

Chora kwenye 2D, angalia kwenye 3D

Skrini ni bapa. Ukiklik sehemu tupu kwenye dirisha la 3D programu haijui unataka kina kipi, inachukua bapa ambalo liko aktivu wakati huo, na nodi yako inaweza kutua sehemu ambayo hukuitaka kabisa huku kwa macho inaonekana iko palepale. Ukizungusha modeli ndo unakuta boriti imeenda hewani. Kwa hiyo dirisha moja weka plani ya XY, lingine elevesheni, yaani mwonekano wa kutoka ubavuni, la 3D libaki la kukagua tu.

Washa snapu, ile inayovuta mausi ishike pointi, ya nodi na makutano ya gridi. Ya katikati ya mstari iwashe ukiihitaji halafu uizime, maana zikiwaka zote kwa pamoja mausi inarukaruka inashika kitu usichotaka. Subiri mpaka kialama kitokee kwenye makutano ndipo uklik. Hiyo nusu sekunde ya kusubiri inaokoa masaa, naongea kutoka moyoni.

Nguzo

Njia ninayoipenda kwenye SAP2000 ni hii, nenda plani ya Z=0, weka nodi 12 kwenye makutano ya gridi, zichague zote, nenda Edit kisha Extrude, chagua ile ya kuvuta nodi ziwe fremu (programu inaita hivyo nguzo na boriti), weka dz, yaani umbali wa kupanda, 3.2 na idadi 2. Zinatokea nguzo 24 zote kwa mpigo, zote zimetoka chini kwenda juu, na nodi za levo zote zimezaliwa zikiwa zimenyooka. Kwenye ETABS ni rahisi zaidi, unachukua kitufe cha kuchora nguzo kwa haraka unaburuta dirisha kwenye plani na kila makutano yanapata nguzo.

Huo mwelekeo wa chini kwenda juu ni wa muhimu. Kila fremu ina mwanzo unaoitwa i na mwisho unaoitwa j, na mhimili wake wa 1 unatoka i kwenda j. Ukichora nguzo hii kutoka chini na ile kutoka juu, majibu yatakuwa sahihi kihesabu lakini alama za kujumlisha na kutoa zitapishana, na siku ya kusoma jedwali la momenti ya nguzo 24 utachanganyikiwa. Chini kwenda juu, kushoto kwenda kulia, basi, usibadilishe.

Sasa jambo la kuzungusha nguzo. Tuseme nguzo yako ni 300 kwa 500. Kwa SAP2000 nguzo iliyosimama mhimili wake wa 2 unalala sambamba na X, na ule urefu wa seksheni, yaani 500, unapimwa kwa kufuata huo mhimili wa 2. Kwa hiyo usipogusa kitu nguzo zote zitaweka ubavu wake mrefu kwenye X. Unayotaka ilale kwenye Y ichague uizungushe nyuzi 90 kwenye mihimili yake. Na kisha, tafadhali, washa ile mwonekano wa kuonyesha seksheni zikiwa na unene wake uangalie kwa macho. Nguzo ya 300x500 inertia yake, yaani ubishi wa umbo lake dhidi ya kupinda, upande mmoja ni karibu mara 2.8 ya upande mwingine, ukiigeuza vibaya umebadilisha jengo zima na hakuna onyo litakalotokea.

Boriti

Ukichukua kitufe cha kuchora fremu kuna kidirisha kidogo kinatokea pembeni, kina seksheni na kina sehemu ya kusema ncha zimeshikwa au zimeachiwa. Watu wanakipuuza wanaanza kuklik. Angalia seksheni pale kwanza, maana inabaki ile uliyotumia mara ya mwisho, na ndo unakuta boriti zote zimekuwa na seksheni ya nguzo.

Unaklik nodi ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, kila klik inafunga boriti moja inaanza nyingine, ukimaliza mstari unabonyeza Enter, ukitaka kutoka kabisa kwenye kuchora ni Esc. Klik kila nguzo unayoipita. Najua SAP2000 ukivuta mstari mmoja wa mita 15 juu ya nguzo nne inaweza kuugawa yenyewe wakati wa kurani pale kwenye nodi za kati, na majibu yanatoka. Ila ukija kwenye dizaini yenyewe inaona ni kitu kimoja kirefu, na ukitaka kuachia momenti kwenye spani moja huwezi maana ncha ziko mbili tu. Halafu tabia hiyo ukienda nayo kwenye STAAD itakuumiza, kule pasipokuwa na nodi ya pamoja hapashikani, boriti inapita juu ya nguzo kama hazijawahi kuonana. Kama tayari umechora ndefu usifute, ichague uigawe kwa amri ya kugawa fremu kwenye makutano.

Namna ya kujua boriti ni moja au zimegawanyika: washa mwonekano wa kusinyaza vitu, Shrink Objects. Kila fremu inajikunja kidogo kutoka kwenye ncha zake, unaona mapengo. Penye pengo ndo pana ncha. Mstari wa mita 15 usio na pengo katikati ni boriti moja. Mimi nakiwasha kila baada ya dakika kumi hivi, hakuna kitufe kinachonisaidia kama hicho.

Boriti ndogo inayokaa juu ya boriti kubwa katikati ya spani, hapo ndo unawasha snapu ya katikati. Kama ncha zake hazishikwi na momenti, ziachie M33 na M22, momenti za kuzunguka mhimili wa 3 na wa 2, kwa ncha zote mbili, ila msokoto usiuachie pande zote mbili, boriti itazunguka yenyewe kama mshikaki na modeli itakataa kurani. Vilevile usiachie momenti za vitu vyote vinavyokutana kwenye nodi moja, nodi ikibaki haina anayeishika nayo inazunguka bure. Na ile boriti inayoning'inia nje, ya kantileva, usiiachie chochote pale mwanzo wake.

Slabu, hapa ndo penyewe

Nikipewa modeli ya mtu nikague naanzia hapa, maana kosa la slabu halipigi kelele, modeli inarani vizuri na michoro ya rangi inatokea mizuri.

Chukua paneli yetu moja, 5 kwa 4, ni mita za mraba 20. Umeichora kwa klik nne kwenye pembe nne kama sheli, yaani elementi bapa ya slabu, na umeweka mzigo wa 5 kN kwa mita ya mraba, jumla 100 kN. Kwenye SAP2000 ukiiacha hivyo bila kuigawa, hiyo sheli ina nodi nne tu za kuongea na dunia, kwa hiyo inapeleka 25 kN kila pembe, moja kwa moja kichwani mwa nguzo. Boriti zilizopo chini yake hazipati kitu. Fungua mchoro wa momenti ya boriti kwa huo mzigo utakuta karibu sifuri, wakati riakshoni za chini, yaani nguvu zinazofika kwenye sapoti, zinajumlisha vizuri kabisa. Mtu akiangalia riakshoni tu anasema mambo safi, anaenda kudizaini boriti nondo mbili mbili. Hilo linanisumbua sana kwa sababu watu watalala chini ya hiyo slabu.

Dawa ni kuigawa, yaani kuweka meshi. Ukiweka vipande vya nusu mita, 5 inatoa 10 na 4 inatoa 8, vipande 80, na nodi zinazaliwa kando kando juu ya boriti, boriti nayo inashikwa pale na mzigo unashuka kama inavyotakiwa. Unaweza kuigawa kwa mkono kutoka menyu ya Edit au kuiachia programu igawe yenyewe wakati wa kurani ukiipa ukubwa wa juu wa kipande, mimi napenda hiyo ya pili kwa sababu modeli inabaki nyepesi kuibadilisha. ETABS yenyewe slabu inazigawa bila kuombwa, ila usiamini tu, fungua mchoro wa momenti ya boriti uone.

Njia nyingine kama hutaki kuisoma slabu yenyewe na unataka iwe ya kubeba mzigo tu, tumia mzigo wa eneo unaogawiwa kwenye fremu njia mbili, programu inatengeneza ile pembetatu na trapeza tunazochora kwa mkono na kuzimwaga kwenye boriti. Inatosha kwa majengo mengi ya kawaida.

Paneli mbili zilizopakana vipande vyao viendane, nodi ya huku ikutane na ya kule. Huku kumi na kule saba, mpaka wa paneli hizo unakuwa na nodi zinazoning'inia. SAP2000 ina kitu cha kushikiza kingo kwa kingo, edge constraint, kinasaidia, ila kama unaweza kulinganisha linganisha. Umbo la vipande nalo liangalie, pembe zikae kati ya nyuzi 45 na 135, upande mrefu usizidi mara nne ya mfupi, na kufika mara kumi ni marufuku. Slabu zenye pembe za ajabu zigawe kwanza kwa mkono ziwe pembe nne za kueleweka halafu ndo meshi.

Na klik pembe kwa mzunguko mmoja daima, kinyume cha saa ukiwa unaangalia kutoka juu. Ukifanya hivyo mhimili wa 3 wa sheli unaangalia juu. Ukizunguka upande wa saa unaangalia chini, na hapo uso wa juu na wa chini vinabadilishana majina, momenti inageuka alama, nondo za juu zinakuwa za chini. Washa mihimili ya elementi, kwenye matoleo ya sasa nyekundu ni 1, kijani ni 2, bluu ni 3, mishale yote ya bluu iwe inaangalia juu.

Kukopi floo

Maliza floo moja kila kitu, seksheni, mizigo, mihimili, kisha chagua boriti na slabu uzikopi kwa Replicate, dz 3.2. Ukikopi kabla hujamaliza utarudia kazi kila floo.

Kwenye ETABS kuna kitu kiko chini kulia, kinasema unachofanya kinaenda floo moja, floo zinazofanana au zote. Kiangalie kabla ya kila klik. Nimewahi kufuta boriti moja kupisha ngazi ya floo ya pili huku kile kitu kiko kwenye floo zinazofanana, boriti ile ikaondoka kwenye floo zote, nikaendelea kufanya kazi siku nzima juu ya hiyo modeli kabla sijaiona. Kurudi nyuma ikawa haiwezekani tena, nikazirudisha moja moja. Tangu siku hiyo nikiwa nafuta kitu nahakikisha pameandikwa floo moja.

Sapoti ni dakika moja, chagua nodi zote za Z=0, zishike.

Ukileta mistari kutoka CAD

Inawezekana na inaokoa muda, faili la DXF (aina ya faili ya michoro ya CAD), kila aina ya kitu na leya yake, mistari ya katikati peke yake. Kabla ya kuleta hamisha mchoro wote mpaka kona moja iwe 0,0, michoro mingi inakaa kwenye koodineti za mbali sana na kuichora humo ni mateso. Tatizo lenyewe ni mapengo. Niliwahi kuletewa mchoro ambao boriti moja ilikuwa inaishia 8 mm kabla ya nguzo, kwenye skrini huoni kitu hata ukizoom kiasi, lakini kwenye umbo la kupinda ile boriti ilikuwa imelala chini kama ulimi. Chagua nodi zote tumia Merge Joints, inayounganisha nodi zilizo karibu, na toleransi ya mm 10 au 20. Usiweke kubwa, isije ikazidi urefu wa kipande chako kifupi cha kweli, itakimeza.

Kukagua

Hesabu kwanza. Jengo letu: nodi 12 mara levo 3 ni 36. Nguzo 24. Boriti kwa floo moja, mistari mitatu ya X yenye spani tatu ni 9, minne ya Y yenye spani mbili ni 8, jumla 17, floo mbili 34. Fremu zote 58. Slabu 12. Chagua vitu vyote usome namba pale chini. Ukipata 60 kuna fremu mbili za ziada zimelalia nyingine, uzito wake unahesabika mara mbili na ugumu pia. Ukipata nodi 37 kuna moja ya ziada, na mara nyingi iko sentimita chache kutoka kwa ndugu yake. Hakikisha unahesabu kabla ya kugawa slabu kwa mkono, ukishagawa hesabu hii haina maana tena.

Pili, jaribu zege lako kwenye boriti moja pembeni, faili jipya. Mita 6, 300x500, sapoti za kawaida mbili, na kwenye chaguo za analisisi weka fremu ya bapa la XZ, usipoweka hivyo boriti itataka kuzunguka kwenye mhimili wake. Zege la 25 kN kwa mita ya ujazo linakupa uzito wa 3.75 kN kwa mita, jumla 22.5, kila sapoti 11.25, momenti ya katikati 16.875. Ukipata 10.6 kwenye sapoti usitafute kosa kwenye kuchora, unatumia zege lililokuja na programu ambalo uzito wake ni 23.56, nenda kwenye materiali ubadilishe.

Tatu, rani modeli kwa uzito wake tu, mizigo mingine izime, uangalie umbo la kupinda likiwa linacheza. Nodi mbili ambazo hazijashikana zinajitangaza hapo, boriti inashuka peke yake na nguzo imebaki. Zidisha skeli mpaka mpindo uonekane vizuri, na zunguka jengo pande zote.

Mwisho rani modi, yaani namna jengo linavyotikisika lenyewe. Jengo la fremu la floo mbili piriodi yake ya kwanza, muda wa mtikisiko mmoja, inakaa karibu sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila floo, kidogo juu kidogo chini. Ukiona sekunde 3, au modi ya kwanza ni boriti moja inapigapiga mbawa wakati jengo lote limetulia, kuna ncha haijashikana. Nenda kwenye ncha ya hiyo boriti, klik kulia kwenye nodi, soma koodineti zake zote tatu. Itakuwa imeandika 3.192 badala ya 3.2.